Propela Shafti Ikikatika: Kulirudisha Nyumbani Gari la Kuvuta kwa Magurudumu Manne

Mkoa wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya, una barabara za namna mbili. Ipo barabara kuu ya TANZAM, itokayo Dar es Salaam na kupita Mlowo, Vwawa na Mpemba hadi mpakani Tunduma, ambako malori yaendayo Zambia na Kongo hupanga foleni. Kisha zipo njia zinazochepuka kutoka barabara hiyo: ile ya Mlowo kwenda Kamsamba, inayoteremka hadi bonde la Ziwa Rukwa, njia za vijiji vya milimani wilayani Ileje, na zile za Wilaya ya Songwe, kuelekea Mkwajuni na machimbo ya dhahabu. Lami ya Mpemba hadi Isongole imewapunguzia watu wa Ileje adha kubwa. Hata hivyo, ukiiacha na kuingia vijijini wakati wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, udongo hugeuka utelezi, na gari linalotegemewa ni lile linaloweza kuvuta kwa magurudumu yote manne: Land Cruiser ambayo watu huiita mkonga, Land Rover 110, Hilux, Prado.

Magari haya hubebeshwa mizigo mizito kwenye njia mbaya, tena mengi yana umri mkubwa. Si ajabu basi kwamba sehemu zinazopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu huvunjika, na huvunjika mbali na gereji. Hapo mwenye gari huuliza swali moja: je, litafika nyumbani lenyewe? Mara nyingine jibu ni ndiyo, kwa sababu gari la namna hii lina njia mbili za kupitisha nguvu, na moja ikikatika nyingine huweza kubaki. Lakini jibu hilo hutegemea kitu gani kimevunjika na gari lako limeundwaje, na ni jambo la kujua kabla hujamruhusu mtu yeyote kufungua nati hata moja. Nati zikifunguliwa bila tahadhari, gari linaweza kuserereka na kumponda aliye chini yake. Zikifunguliwa bila shahidi wala maandishi, unaweza kulipia difu mpya ilhali ya zamani ilikuwa nzima.

Nguvu inavyofika kwenye magurudumu

Injini huzungusha giaboksi, na giaboksi huzungusha sanduku jingine lililounganishwa nayo, ambalo mafundi huliita transfa. Transfa ndiyo njia panda. Kutoka hapo propela shafti moja huenda nyuma na nyingine huenda mbele, kila moja ikiishia kwenye difu yake. Difu nayo hugawa nguvu kwa shafti mbili za ekseli, ya kulia na ya kushoto, na hizo ndizo zinazozungusha magurudumu.

Kwa madhumuni ya makala hii magari yagawanywe makundi matatu. Kundi la kwanza ni yale ambayo kwa kawaida huvuta kwa magurudumu ya nyuma peke yake, na dereva huunganisha ya mbele anapotaka, mara nyingi kwa kijiti cha pili cha gia chenye alama za H2, H4, N na L4. Hilux, Land Cruiser mkonga na Suzuki Jimny nyingi zimo humu. Baadhi yake zina kufuli dogo la kuzungusha kwa mkono katikati ya kila gurudumu la mbele, kwenye habu, ambalo huliunganisha au kulitenga gurudumu na shafti yake.

Kundi la pili huvuta kwa magurudumu manne muda wote. Humo mna Land Rover 110 na Defender, Prado nyingi, na Land Cruiser nyingi za mfululizo wa 80 na 100. Ndani ya transfa za magari haya mna difu ya tatu, ya katikati, inayoziruhusu ekseli za mbele na nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti kwenye kona, na dereva anaweza kuifunga kwa kijiti au swichi.

Kundi la tatu ni magari madogo ya familia yenye uwezo huo, kama RAV4, X-Trail na Forester. Mengi hayana kijiti cha transfa, na hata yenye swichi ya kufunga hayakuundwa kutembezwa huku propela imeondolewa. Mwenye gari la kundi hili na asome sehemu ya kuvuta gari hapo chini, mengine yote hayamhusu, hata kama fundi wa njiani atamwambia kwamba “gari ni gari.”

Kabla mtu hajalala chini ya gari

Kwenye barabara kuu, na hasa kwenye miteremko kama ile ya Senjele, hatari ya kwanza si ubovu wa gari lako bali lori linalokuja nyuma yako. Litoe gari nje ya lami kadiri linavyoweza kusukumwa, washa taa za tahadhari, weka pembetatu za kuakisi mwanga mbele na nyuma kwa umbali unaompa dereva mwingine nafasi ya kupunguza mwendo, na abiria wote washuke wakae mbali na barabara. Matawi ya miti, yaliyo desturi yetu ya miaka mingi, huonekana mchana tu. Mawe ya kuzuia magurudumu yaondolewe gari linapoondoka. Jiwe lililosahauliwa barabarani ni mtego kwa bodaboda itakayopita usiku. Ukihitaji msaada wa polisi piga 112, na wa zimamoto 114.

Linalofuata wengi hawalijui. Katika Land Rover 110 na Defender, na katika baadhi ya magari mengine ya zamani, breki ya mkono haishiki magurudumu. Hushika shafti inayotokea nyuma ya transfa. Propela ya nyuma ikikatika au ikifunguliwa, breki hiyo hubaki imekamata chuma ambacho hakijaunganishwa tena na magurudumu ya nyuma. Gia ya P kwenye gari la otomatiki ina kasoro hiyohiyo, kwani hufunga mitambo ndani ya giaboksi. Na kuliacha gari la kawaida kwenye gia ya kwanza ni vilevile. Tena, kijiti cha transfa kikiwa kwenye N, hata gari zima lisilo na ubovu wowote linaweza kuserereka ijapokuwa liko kwenye P.

Kwa hiyo, kabla ya mtu kuingia chini, weka mawe makubwa au magogo mbele na nyuma ya magurudumu yasiyopungua mawili, na uhakikishe yamebana. Kama gari limesimama kwenye mteremko, lisukumwe au livutwe taratibu hadi tambarare kwanza, hata ikichukua saa nzima. Dereva abaki kwenye usukani karibu na breki ya mguu, ambayo kwa kawaida bado inashika magurudumu yote manne.

Propela ya nyuma

Propela haikatiki bila kutoa taarifa, isipokuwa mara chache. Kwa siku kadhaa husikika mlio wa kugonga unapoanza mwendo au unapoachia mafuta, kisha mtetemo chini ya sakafu unaoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka. Chanzo mara nyingi ni maungio ya propela, yale yenye umbo la msalaba, kukaukiwa grisi au kuingiwa na maji na tope. Anayevuka mito na madimbwi kila wiki na asingoje mlio. Kupaka grisi kwenye maungio yenye sehemu ya kupakia ni kazi ya dakika chache.

Inapokatika kabisa husikika kishindo, injini hunguruma, na gari halisogei. Ikiwa imekatika upande mmoja tu, usijaribu kuifunga kwa kamba au waya ili uendelee na safari. Ncha ya mbele ikianguka huchoma ardhi, na gari lenye mwendo linaweza kunyanyuliwa na hata kupinduka. Iondolewe yote. Katika Hilux zenye propela ya vipande viwili, inayoshikiliwa katikati na beringi, viondolewe vyote viwili. Kabla ya kufungua, chora alama kwa rangi au msumari mahali inapokutana na difu, ili irudi vilevile ilivyokuwa. Propela iliyogeuzwa huleta mtetemo mpya, na mtetemo huo utalipia safari nyingine ya gereji. Nati na bolti zake zitiwe kwenye mfuko pamoja.

Baada ya kuiondoa, tazama pale ilipotoka. Oili ikimwagika kutoka kwenye transfa, safari imeishia hapo, maana transfa isiyo na oili hujisaga yenyewe. Pasipomwagika kitu, gari la kundi la kwanza hufungwa kufuli za habu kama linazo, kisha kijiti huwekwa H4. Sasa magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta. Hapa msomaji makini atauliza: je, hatukufundishwa kwamba H4 haitumiki kwenye lami kavu? Tumefundishwa, na ni kweli. Kwenye kona magurudumu ya mbele hutembea umbali mrefu kuliko ya nyuma, na kama ekseli zote mbili zimefungwa pamoja bila difu ya kati, tofauti hiyo hukosa pa kwenda, ikayakaza mitambo mpaka kitu kikaachia. Lakini propela moja ikiwa imeondolewa, ekseli hizo hazishikani tena, na kizuizi hicho huwa hakina sababu.

Gari la kundi la pili lazima lifungwe difu ya kati. Usipoifunga, nguvu yote itakimbilia upande usio na kazi, ule ambao propela haipo, na gari litabaki limesimama huku injini ikizunguka. Watu wameshuka kwenye gari zima kwa sababu hii, wakidhani giaboksi imekufa.

Propela ya mbele ikikatika mambo ni mepesi zaidi. Iondolewe kwa tahadhari zilezile, gari la kundi la kwanza litembee kwa H2, na la kundi la pili kwa kufunga difu ya kati.

Gari linalovuta kwa mbele peke yake si gari lile ulilozoea. Shafti za mbele pamoja na maungio yake hazikutengenezwa kubeba kazi yote, hivyo mzigo upunguzwe au uachwe, mwendo usizidi kilometa 50 kwa saa hata kwenye lami, na usikanyage mafuta kwa nguvu huku usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho. Epuka L4, kwa sababu huzidisha nguvu inayofika kwenye shafti hizo. Simama baada ya kilometa mbili za kwanza, kisha kila kilometa kumi, uangalie uvujaji na usogeze mgongo wa kiganja karibu na difu kupima joto.

Mlima ndio mtihani mkubwa. Gari likipanda, uzito hulalia nyuma, na magurudumu ya mbele yanayovuta hukosa mkamato. Aliyekatikiwa na propela ya nyuma kwenye tambarare za Kamsamba anaweza kutembea vizuri kijiji hadi kijiji, lakini kupandisha kurudi upande wa Mlowo baada ya mvua, tena na magunia ya mpunga nyuma, ni jambo la kumkataza. Kushuka nako kuna lake: injini husaidia kupunguza mwendo kwa magurudumu ya mbele tu, na kwenye utelezi magurudumu hayo yakikosa mkamato usukani nao hukosa kazi. Punguza mwendo kabla mteremko haujaanza. Mvua ikiwa inanyesha, kulala kijijini hadi asubuhi ni uamuzi bora kuliko wote.

Difu na shafti za ekseli

Difu ya nyuma ikivunjika meno, kuondoa propela hakutoshi. Magurudumu yataendelea kuizungusha kutoka upande wa pili, na kipande cha jino kikinasa, magurudumu ya nyuma yanaweza kukwama ghafla gari likiwa katika mwendo. Dalili zake ni mlio wa kusaga unaosikika hata ukiwa kwenye gia huru, na vipande vya chuma ndani ya oili. Unga laini wa chuma kama matope meusi ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyokatika kama meno si vya kawaida hata kidogo.

Hapo kila kitu hutegemea namna ekseli ya nyuma ilivyoundwa. Tazama katikati ya gurudumu la nyuma. Katika Land Cruiser mkonga nyingi na Land Rover Defender utaona kifuniko cha chuma kinachotokeza nje, kimezungukwa na duara la nati ndogo. Maana yake ni kwamba gurudumu linabebwa na nyumba ya ekseli, na shafti iliyo ndani inazungusha tu. Shafti za namna hii zinaweza kuchomolewa zote mbili, matundu yakazibwa ili vumbi lisiingie na oili isitoke, na gari likavutwa na magurudumu ya mbele kwa masharti yaliyotajwa juu.

Katika Hilux, Prado na Jimny mambo ni kinyume. Gurudumu la nyuma limefungwa kwenye shafti yenyewe, na shafti ndiyo inayolibeba. Shafti ikivunjika, gurudumu linaweza kuchomoka pamoja na kipande chake gari likiwa linatembea. Gari hilo halitembezwi hata mita mia moja. Fundi akikuambia kwamba “litajikongoja hadi Vwawa,” mkatalie kwa adabu.

Difu au shafti ya mbele ikiharibika kwenye gari lenye kufuli za mkono kwenye habu, fungua kufuli zote mbili, weka H2, na mitambo yote ya mbele itatulia. Huu ndio ubovu mwepesi kuliko yote, na ni sababu nzuri ya kutoziacha kufuli hizo zikashika kutu. Gari lisilo na kufuli hizo huendelea kuzungusha shafti za mbele hata likiwa kwenye H2, kwa hiyo fundi azikague kwanza. Tena, katika magari mengi ya aina hiyo kipande cha nje cha shafti husaidia kushikilia beringi ya gurudumu, na kukichomoa chote ni kuliweka gurudumu hatarini.

Transfa, giaboksi na klachi havina njia ya pembeni. Vikiharibika, gari livutwe.

Kuvuta gari

Gari la kundi la tatu libebwe lote juu ya lori. Kuinua magurudumu mawili na kuyaacha mawili yakizunguka barabarani kunaweza kuunguza kiungo kinachogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, na gharama yake mara nyingi huzidi ile ya ubovu wa awali. Magari ya makundi mengine yanaweza kuvutwa yakiwa na magurudumu chini endapo kitabu cha gari kinaruhusu na transfa imewekwa N, lakini kwa otomatiki, au kwa safari ndefu kama ya Tunduma hadi Mbeya, ni salama zaidi kuondoa propela zote mbili au kulipakia gari. Kumbuka kwamba injini isipowaka breki na usukani huwa vizito mno.

Malori hurudi mengi yakiwa matupu kwenye barabara kuu, na wengi huafikiana na dereva palepale. Hakuna ubaya, ila bei iandikwe, na iandikwe pia nani atawajibika gari likiharibika wakati wa kupakia. Wenye bima kubwa wasome mkataba wao kabla ya kulipa, kwani baadhi ya bima hizo hugharimia kuvutwa. Isisahaulike pia kwamba Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inakataza kuendesha gari lenye ubovu unaohatarisha watu. Kwamba gari linaweza kusogea hakumzuii askari kulisimamisha, na hakutakuwa utetezi likisababisha ajali.

Fundi wa njiani na haki zako

Mafundi wa Mlowo, Mpemba na Tunduma wamewaokoa wasafiri wengi, na wengi wao ni waaminifu. Tatizo ni mazingira ya makubaliano yenyewe: usiku unaingia, mzigo unaoza, na mwenye gari hana pa kulinganisha bei. Katika hali hiyo mtu hukubali lolote. Ndiyo maana ni vyema kutenganisha kazi mbili ambazo kwa kawaida huchanganywa. Kazi ya kwanza ni kutambua ubovu na kuliwezesha gari kufika mahali salama. Ya pili ni matengenezo kamili. Lipia ya kwanza njiani. Ya pili ingoje uwe umetulia, umepata bei mbili au tatu.

Bei ya kazi ya kwanza iulizwe kabla, pamoja na nauli ya fundi na nini kitalipwa endapo atashindwa. Ujumbe mfupi wa simu usemao kazi ni nini na bei ni kiasi gani unatosha kuwa maandishi. Piga picha ya sehemu iliyovunjika ikiwa bado iko kwenye gari, na nyingine ya kilometa zinazosomeka kwenye dashibodi.

Ukiambiwa kwamba difu nayo imekufa, usikatae wala usikubali. Omba uonyeshwe. Propela ikiwa imeondolewa na gurudumu moja la ekseli hiyo likiwa limeinuliwa, mdomo wa difu unaweza kuzungushwa kwa mkono: ukizunguka kwa ulaini bila kukwaruza wala kunasa, huna sababu ya kununua difu siku hiyo. Omba pia oili ikingwe kwenye chombo safi. Fundi anayejua kazi yake hatachukizwa.

Vipuri vilivyotolewa ni mali yako mpaka ukubali vinginevyo. Desturi ya kumwachia fundi “chuma chakavu” inapoteza ushahidi wako wote, nao ni muhimu hasa pale ubovu unapotokea muda mfupi baada ya matengenezo. Tuseme gereji ilibadilisha maungio ya propela mwezi uliopita na leo yamesambaratika. Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, inamtaka anayetoa huduma kwa mlaji aifanye kwa uangalifu na ustadi unaostahili, na bidhaa zinazouzwa ziwe na ubora na zifae kwa matumizi yake. Bango lisemalo kwamba mali ikishauzwa haitarudishwa halifuti wajibu huo. Lakini gereji nayo itauliza, tena kwa haki, kama uharibifu haukusababishwa na namna ulivyoliendesha gari baada ya ubovu kutokea. Ndiyo sababu ya picha, na ndiyo sababu ya kuijulisha gereji kwa ujumbe kabla ya kuondoa gari pale lilipo.

Aliyenunua gari lililotumika, akaambiwa na muuzaji kwamba mfumo wa magurudumu manne unafanya kazi, kisha akagundua kuwa propela ya mbele haimo kabisa, ana malalamiko ya aina nyingine: amepewa taarifa za kupotosha. Kabla ya kulipia gari la namna hii, inama utazame chini yake. Propela ziwe mbili.

Vipuri vya ng'ambo

Tunduma na Nakonde ni kama mji mmoja uliokatwa na mpaka, na si ajabu kipuri kinachokosekana upande huu kikapatikana upande wa pili kwa bei nafuu. Kununua huko si kosa, ili mradi bidhaa ipitishwe forodhani. Lakini fahamu kwamba malalamiko dhidi ya muuzaji wa Nakonde yako chini ya sheria za Zambia na hushughulikiwa na tume ya ushindani na ulinzi wa mlaji ya nchi hiyo. Risiti ya huko itunzwe, nayo ionyeshe jina la duka na maelezo ya kipuri.

Upande huu dai risiti ya EFD. Kipuri unachokishuku kuwa bandia, chenye nembo iliyoandikwa vibaya au kifungashio kisichofanana na cha kawaida, kiripotiwe Tume ya Ushindani, yaani FCC, inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa. Masuala ya viwango vya ubora yapelekwe Shirika la Viwango Tanzania, TBS.

Malalamiko kuhusu huduma ya gereji yaanze kwa gereji yenyewe, kwa maandishi, yakieleza tarehe ya matengenezo, kazi iliyofanyika, kiasi kilicholipwa, kilichoharibika na unachotaka: kurudiwa kwa kazi, kurudishiwa fedha au fidia. Wape siku za kujibu na uzitaje. Wasipojibu, au jibu lisiporidhisha, peleka malalamiko hayohayo kwenye ofisi ya Tume ya Ushindani iliyo karibu nawe, ukiambatisha risiti, picha, ujumbe wa simu na jina la fundi aliyelikagua gari njiani. Kipuri kilichovunjika kifungwe kwenye gunia kama kilivyo. Kisioshwe, na kisiunganishwe kwa moto mpaka shauri limekwisha.